Namba Chini ya Siti

Mjomba wangu mkubwa humulika kila kitu kwa kurunzi, hata saa sita mchana jua likiwaka. Akinunua mayai, anayamulika. Akiletewa tyubu ya kuzibwa, anaimulika, halafu anammulika na aliyeileta. Mtaa mzima unamwita Kurunzi, naye wala hajali. "Waniite watakavyo," husema, "ila kwangu hakiingii kitu ambacho sijui kimetoka wapi."

Ni fundi baiskeli. Karakana yake ni kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa jikoni kwetu, hivyo mama akikaanga vitunguu, mjomba huko anapiga chafya mpaka nati zinamdondoka mkononi. Fremu zimening'inia darini, gololi zimo ndani ya makopo ya maziwa, na ukuta mmoja umejaa maandishi ya chaki. Kabla hajashika spana, mjomba huipindua baiskeli ya mteja, akasoma namba iliyogongwa kwenye fremu, akaiandika ukutani pamoja na sura ya mwenyewe. "Mwalimu, ana pengo." "Kijana, kofia nyekundu, haangalii mtu usoni." Yule wa kofia nyekundu alijisoma siku moja, na hajarudi tena.

Sababu ya haya yote kwetu si siri. Babu, baba yao, alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la nafaka, na alipofariki aliwaachia watoto wake watatu baiskeli moja nyeusi, kubwa, nzito kama lango. Watoto wenyewe ni mjomba mkubwa, mama yangu, ambaye ni wa katikati, na mjomba mdogo, ambaye sasa ni fundi cherehani. Miezi michache baada ya msiba, mjomba mdogo alitumwa kununua uzi. Alienda na baiskeli, akarudi kwa miguu. Akasema ameibiwa mlangoni mwa duka, na aliifunga kwa kufuli.

"Baiskeli iliyofungwa haina mabawa," mjomba mkubwa alimwambia mbele za watu. "Umeiuza."

Huo ni mwaka wa ishirini na nne sasa hawasemezani. Duka la mjomba mdogo liko mitaa minne tu kutoka kwetu, lakini Kurunzi huzunguka kwa nyuma ya soko ili asilipite. Mama ndiye anayewapelekea salamu ambazo hakuna aliyezituma. "Kaka yako anakusalimia sana," humwambia mmoja, na mimi nimesimama hapo hapo nikijua kaka mtu hajafungua hata mdomo.

Sasa, Jumamosi moja muuza vyuma chakavu tunayemwita Sumaku alipita na mkokoteni wake. Chini ya mabati yaliyokunjamana ilitokeza shingo ya baiskeli iliyopakwa rangi ya bluu, ile ya kupaka milango. Mjomba alisimama ghafla hadi kigoda kikaanguka.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwani umeajiriwa polisi?" Sumaku akauliza.

"Nimekuuliza umeitoa wapi."

"Kurunzi, ndugu yangu, mimi nauza vyuma. Siuzi historia."

Mjomba aliwasha kurunzi akammulika. Sumaku akafunga jicho moja, akacheka kwa kujilazimisha, na mimi nikaona anarudi nyuma hatua moja. Hatimaye alisema aliikuta kwenye nyumba iliyobomolewa, wenyewe walishahama, hakuna anayejua wameenda wapi. Alikuwa anasema kweli? Sijui. Alisema huku akitazama barabarani, lakini ukimulikwa machoni utatazama wapi? Mwishowe walibadilishana kilo kwa kilo, mjomba akatoa fremu mbili zilizokufa na kapu la minyororo mibovu. Sumaku aliondoka haraka akigeuka nyuma mara kwa mara, kana kwamba yeye ndiye aliyeibiwa.

"Ni ya babu?" nikauliza. Nilishindwa kujizuia.

"Usianze kufurahi, mpwa wangu. Za namna hii zilijaa kama nzi."

Tukaanza kuichunguza. Breki zake hazikuwa za waya, zilikuwa za fito za chuma zinazoshuka kutoka kwenye usukani hadi kwenye rimu. Mjomba akasema hilo linaonyesha ni ya zamani, halionyeshi ni ya nani. Nembo ya mbele ilishang'olewa, vikabaki vitundu viwili, kimoja juu ya kingine. Akavipima kwa kidole, akaguna kwamba aina hii zote zina hivyo. Kisha akafuta kitovu cha gurudumu la nyuma kwa tambara lenye mafuta ya taa, na zikatokeza tarakimu mbili ndogo zilizogongwa kiwandani.

"Huo ni mwaka!" nikapiga kelele. "Mama, babu alinunua mwaka gani?"

Mama alichungulia kutoka jikoni akiwa na mwiko mkononi, akautaja. Ulikuwa ule ule.

"Huo ni mwaka wa gurudumu," mjomba akasema. "Gurudumu linahama. Nimeshawahi kukuta baiskeli moja ina vitu vya baiskeli tano, na kila mwenye kitu chake anadai ni yake."

Ikabaki namba. Mama akaleta bati la biskuti lenye karatasi za babu, akatoa kadi ya leseni ya baiskeli, ya njano, iliyoliwa na mende pembeni. Namba ilikuwa na tarakimu saba, mende wamekula mbili za mwisho. Mjomba akalaza baiskeli, akasugua chini ya siti kwa brashi ya waya, taratibu, kama anayemsugua mtoto shingo. Rangi ya bluu ikatoka, ya kijani ikatoka, chini kabisa nyeusi. Nikashika kurunzi, mama akasoma kadi, mimi nikasoma chuma.

Tano zote zililingana.

Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Kaka," akasema, "ni yenyewe."

"Tano si saba." Lakini mkono wake ulikuwa umeshika mlingoti wa fremu na hauachi. "Na kama ni yenyewe, basi kuna aliyeinunua, na kuna aliyeiuza. Sikilizeni niwaambie. Nitaitengeneza mpaka itembee. Halafu nitaiendesha hadi mlangoni kwa yule bwana, wateja wake wakiwa wamejaa, nimwambie: haya, itazame, kisha nitazame mimi."

"Yule bwana ni mdogo wako."

"Ndiyo huyo."

"Ukienda kumdhalilisha mbele za watu mara ya pili," mama akasema polepole, "mimi pia usinihesabu. Toa kibanda chako ukutani kwangu."

Mama si mtu wa kutishia. Akisema kitu huwa ameshakifikiria tangu asubuhi. Mjomba alijifanya hajasikia, akaanza kufungua nati.

Ilichukua wiki mbili. Nilikuwa nikitoka shule naingia kibandani na sare zangu, mama analalamika grisi haitoki. Mikono ya pedali iligoma kabisa. Pini zinazoishikilia zililowekwa kwenye mafuta ya taa siku tatu ndipo zikatoka kwa nyundo na kipande cha mbao. Gololi za kitovu cha mbele zilikuwa zimelika kama meno ya mzee. Mjomba alinipa mpya nizipange kwenye grisi, kisha akazihesabu upya nyuma yangu.

"Huniamini?"

"Nakuamini. Nahesabu tu."

Gurudumu lililopinda alilizungusha huku ameshika chaki karibu na rimu. Palipotokeza, chaki iliacha alama, na hapo akakaza spoki ya upande wa pili robo mzunguko. Kazi ya saa nzima. Mara anasimama, anaitazama ile baiskeli kama mtu anayetazama shahidi asiyetaka kusema. "Ulikuwa wapi wewe?" nilimsikia akiiuliza. Mara mbili alimfuata Sumaku kumuuliza tena kuhusu ile nyumba iliyobomolewa. Mara ya pili Sumaku alimwona kwa mbali, akaacha mkokoteni wake na kutokomea kwenye kichochoro. Mjomba akaandika ukutani: "Sumaku. Anakimbia. Kwa nini?" Mimi nilidhani najua: nani hachoki kumulikwa?

Siku ya mwisho matairi yalikuwa mapya, mnyororo unang'aa, bado kufunga kufuli tu. Kufuli za baiskeli hizi ni pete ya chuma inayokaa nyuma, ikizunguka rimu na kupita katikati ya spoki, na hushikiliwa kwenye fremu na vibano viwili. Ile ya zamani haikuwepo, lakini kibano kimoja kilikuwa bado kimeng'ang'ania fremu chini ya rangi zote zile. Mjomba akakikwangua kwa patasi ili akitoe.

Akaacha kukwangua. Akainama karibu kabisa, pua inagusa chuma. Kisha akakifungua upesi, akakitia mfukoni, akasema, "Nenda kasaidie mama yako."

Katika maisha yangu yote sijawahi kumwona mjomba anaficha kitu. Yeye ndiye hufichua. Nilisimama mlangoni nikimtazama mgongo, na kwa mara ya kwanza nikamshuku. Amepata nini? Jina la mnunuzi? Au kitu cha kumtetea mjomba mdogo, na hataki tukione?

Nikachukua kurunzi kwenye benchi, nikamwashia usoni.

"Mjomba, toa kilichoko mfukoni."

"Zima hiyo!"

"Wewe ungezima?"

Akakunja uso, mimi sikuishusha. Mwisho akatoa kibano, akakiweka kiganjani mwangu. Ndani yake kulikuwa na kipande cha ngozi kilichokakamaa, chenye alama za duara ndogo ndogo zilizopangana.

"Mkanda wa babu yako," akasema. "Niliukata nikaweka ngozi ndani ya vibano ili visikwaruze rangi. Mimi mwenyewe. Kwa hiyo ni yenyewe, hakuna la kubishana."

"Sasa mbona unaficha?"

Akanionyesha nati kwa ncha ya patasi. "Nati ya kibano hukaa ndani, upande wa gurudumu. Kufuli ikifungwa, spana haipenyi. Hii ilikaa nje. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, ndiyo kufuli yangu ya kwanza kuifunga, na nje ndiko mkono wangu ulikofika kwa urahisi."

"Na mkono wa mwizi," nikasema.

Hakucheka. Kingo za ile nati zilikuwa zimekwanguliwa zikawa duara, kama iliyoshikwa na koleo kwa haraka. Mwizi hakuvunja kufuli. Alifungua nati tu ili kufuli iachane na fremu na gurudumu lizunguke nayo, akaisukuma baiskeli kama yake, akaenda kuikata pete anakojua yeye.

"Labda," mjomba akaanza, na nikaisikia sauti yake ikitafuta njia, "labda hata yeye mwenyewe angeweza kushika koleo, aonekane..."

Akageuza kibano upande huu na upande ule.

"Alikuwa na ufunguo mfukoni," akasema mwishowe. "Mwenye ufunguo atahangaika na nati ya nini?"

Hakungoja hata kunawa. Aliipanda baiskeli, mimi nikakimbia nyuma, na mama akatoka jikoni akipiga kelele: "Kaka! Nilikuambia nini? Kaka!" Safari hii hatukuzunguka nyuma ya soko.

Mjomba mdogo ni mwembamba, futi ya kupimia shingoni, pini mdomoni. Kwenye benchi walikaa wanawake wawili wakisubiri nguo. Alipomwona kaka yake mlangoni, cherehani ilisimama yenyewe. Alimtazama yeye, akaitazama baiskeli, akanitazama mimi.

"Umekuja na shahidi kabisa," akasema kupitia pini.

Mjomba mkubwa aliweka kibano juu ya kitambaa, chini ya sindano. "Nati niliifunga nje," akasema.

Mjomba mdogo alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. "Sijasikia vizuri."

"Nati ya kufuli. Niliifunga nje mimi. Wewe uliifunga baiskeli, ikaibiwa kwa ujinga wangu. Nilikusingizia."

"Mama," mjomba mdogo akamgeukia mmoja wa wale wanawake, "wewe umesikia?"

"Nimesikia, baba. Ila gauni langu je?"

Mjomba mdogo alikishika kibano, akapitisha kidole kwenye ile ngozi, na hapo uso wake ukabadilika kidogo, kisha akaukaza tena. "Siku ile walikuwepo watu wangapi, unakumbuka? Mimi nawakumbuka wote. Mpaka leo mtu akiniletea kitambaa ananihesabia mita mbele yangu mara mbili. Miaka yote hiyo, kaka."

Mjomba mkubwa alijifuta mikono kwenye suruali. Grisi haikutoka.

"Inatembea?" mjomba mdogo akauliza ghafla.

"Inatembea."

Alimpita bila kumgusa, akashika usukani, akapanda. Futi ikapepea mgongoni. Hakutabasamu, hakuaga, alikanyaga pedali akakata kona ya mashine ya kusaga na kupotea. Nilikimbia hadi konani. Hakuna mtu, vumbi tu. Tukasubiri. Mwenye gauni akaanza kujigeuza kwenye benchi.

"Jamani, huyu kaondoka na kazi yangu nusu. Anarudi kweli?"

Wote tulimtazama mjomba mkubwa. Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti cha mdogo wake, barabara ameipa mgongo.

"Sijui," akasema. "Ametoka na baiskeli yake."