Mulango ya Bleu, Nyuma ya Moulin

Mutoto wangu mwanamuke anaishi Kampala. Siku moja alipigia dada yangu hapa Butembo, akauliza kaburi yangu iko wapi. Dada akanipa simu.

"Papa, ni wewe?"

"Ni mimi. Niko nakula fufu."

Akalia zaidi. Alikuwa ameona sura yangu ku internet, ku site moja yenye inaomba musaada kwa batu ba Mangina, na juu yake maandiko: Bafu Betu, ni kusema batu betu benye balikufa. Misa ya kuniombea ilikuwa imeshasomwa.

Panga ilinikosa mara mbili kule kwetu Mabalako, upande wa Mangina, mbele nikimbilie hapa. Ebola ilifika mpaka kwa jirani, ikarudi. Kumbe nilikuwa nachungwa ili niuawe na ordinateur, kompyuta tu.

Mimi nilisomaka mpaka troisième primaire tu, mwaka ya tatu ya masomo. Donc nikaenda kwa mama mwenye secrétariat karibu na soko, anapigia batu barua na kufanya fotokopi. Nikamuonyesha jina ya ile site. Akacheka.

"Papa, hata site iko na acte de naissance, karatasi ya kuzaliwa. Tuangalie nani aliiandikisha."

Akapiga jina. Courant ikakatika. Groupe, mashini ya kutoa umeme, ikawashwa, akapiga tena. Ku ekrani ikashuka mistari: siku ya kuandikishwa, siku ya kumalizika, jina ya mwenyewe. Jina ilikuwa ya Kizungu ya kujifanyia, hapana mutu wa Butembo mwenye alibatizwa vile. Numero ya simu ilikuwa sifuri tupu, zimepanga mustari kama batoto ba masomo.

"Bajanja banafichaka yote," mama akasema. "Huyu alificha jina, akasahau adresse."

Kwa Bazungu adresse ni barabara na numero. Hapa kwetu nani anajua numero ya nyumba yake? Mutu akiuliza unakaa wapi, unamuelekeza. Na yule muongo, alipofika pa fasi ya adresse, mukono yake ikaandika vile imezoea. Mama akasoma polepole, kama anasoma somo la kwanza ku misa: "Butembo, ukipita kanisa ya paroisse, nyuma ya moulin ya kusaga unga, mulango ya bleu, uliza papa ya mapacha."

Batu bote mule ndani bakacheka mpaka mutu mumoja akaangusha karatasi zake. Nani hapana anamujua? Ni président wa comité yetu, sisi bale tulikimbia vita. Ni yeye alitupiga foto siku ya kugawa sabuni, akatukataza kucheka.

Nikaenda mara moja. Nilimukuta ku veranda, ananyoa ndevu.

"Président, mufu amefika."

Wembe ikasimama. "Papa, usinielewe mubaya. Bazima hapana batu banabahurumia. Bafu, ndiyo."

"Basi weka sura yako."

"Ah, mimi niko na mapacha!"

"Na mimi niko na mutoto mwenye alinililia kama niko ndani ya sanduku."

Akapangusa povu. Akaapa kwa Bikira Maria kama kesho yake ataniondoa ku site.

Juma ikapita. Nikarudi kwa mama wa secrétariat, akafungua site. Sura yangu iko pale pale. Président alikuwa amefanya kazi, hapana mutu atamusingizia uvivu: aliniongezea mushumaa pembeni.

Nikashuka tena nyuma ya moulin. Hakuna mulango ya bleu. Iko ya vert kama majani, rangi ingali mbichi, ilinishika ku vidole. Bibi yake akanisemesha kupitia tundu ya mulango: "Hayuko." Nyuma yake nilimusikia président anakohoa.

Sasa mutoto wangu akinipigia, haanzi na salamu. Anaanza na: "Papa, uko?" Namujibu niko.

Na wewe mwenye unasoma, kama unamutafuta mutu mwenye aliniua, moulin haikuhama, mapacha banacheza pale pale. Mulango ni ya vert. Ukwangue na kucha, chini utakuta bleu.