Ukuta wa Bafu Nisioumwagilia Maji

Fundi aliyetupigia lipu bafuni nilimfahamu tangu utoto wangu Njombe, kwa sababu nyumba ya wazazi wangu aliijenga yeye. Kwa hiyo mimi na mume wangu tulipochoka kuogea kati ya matofali matupu hapa Lyamkena, sikutafuta mwingine. Mzee alikuwa bado anafanya kazi hapahapa Makambako.

Ilimchukua siku tatu. Alipiga lipu, kisha juu yake akapaka niru, yaani saruji tupu iliyokorogwa na maji, akaisugua kwa mwiko mpaka ukuta ukateleza. Akiwa anafungasha vifaa aliniambia, "Mwanangu, umwagilie maji asubuhi na jioni, wiki nzima. Dirisha bado halina kioo, na upepo wa huku unaujua. Saruji ikikauka haraka inapasuka."

Nilimwagilia siku mbili. Siku ya tatu kulikuwa na ile baridi ya Julai inayofanya vidole vigome kufunga vifungo, nikasema nitamwagilia jioni. Jioni nilirudi kutoka shuleni ninakofundisha nimechoka, nikasema kesho. Sikuingia tena mle na ndoo.

Wiki iliyofuata nyufa zilitokea, nyembamba kama nywele, kuanzia dirishani. Ukigonga, sehemu nyingine zilisikika tupu kwa ndani. Mume wangu akampigia mzee simu, naye akaja siku hiyohiyo. Alipitisha kiganja ukutani, akagonga kwa kidole, akasikiliza. Kisha akanigeukia.

"Ulimwagilia?"

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni.

"Nilimwagilia, baba," nikasema. "Asubuhi na jioni."

Hakunitilia shaka hata kidogo. Heri angenitilia. Alitazama mikono yake, akasema polepole, "Basi nimekosea mimi kuchanganya. Mnisamehe."

Mume wangu akamwambia mambo hayo hutokea. Mimi nilitoka nje kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

Mzee alibandua lipu yote, akachekecha mchanga upya, akarudia kazi na kukataa malipo. Safari hii nilimwagilia wiki nzima, tena wakati mume wangu hayupo, ili asije akashangaa bidii yangu. Ukuta haukupasuka. Mzee alipokuja kuukagua aliridhika kwamba kweli kosa lilikuwa lake mara ya kwanza.

Miezi michache baadaye, tukitoka kanisani, mama mmoja wa kwaya aliniambia alimwomba mzee amfanyie bafu kama langu, akakataa. "Anasema mkono wake umezeeka, hauaminiki tena. Amerudi kwake Njombe."

Nilikaa na maneno hayo wiki mbili. Nilijiambia ni mzee kweli, na pumziko alilihitaji. Halafu Ijumaa moja nikamweleza mume wangu kila kitu. Kesho yake nikapanda basi.

Nilimkuta mzee anachambua maharage barazani.

"Kamwene, baba," nikamsalimu, nikachuchumaa mbele yake. "Ule ukuta nilimwagilia siku mbili tu. Nilikudanganya."

Akaokota punje mbovu, akaitupa uani.

"Mumeo anajua?"

"Anajua. Nilimwambia jana."

"Kuna mjane alinibembeleza nimjengee," akasema. "Nikamkatalia. Akampata mtu aliyemharibia nyumba."

Nilimwomba arudi Makambako, nikamwambia nitakwenda kwa kila aliyemkatalia nimweleze ukweli. Akatikisa kichwa. Mwiko, pima maji, kila kitu alikuwa amempa mkwewe, na mkwe ameshavipeleka kazini Mlangali.

"Kuvidai siwezi," akasema. "Nilimpa kwa mikono yangu."

Mke wake alitoka na sahani ya viazi vya kuchemsha, akafurahi kuniona, akaniuliza habari za nyumbani na kama bafu letu ni zuri. Nikasema ni zuri.

"Amekuja kutusalimia," mzee akamwambia, akanisogezea sahani.

Nilikula nikitazama chini.