Kumbe Kiganja Kina Kisigino

Mimi nimeona mengi Mwanza hii, mengine nimeyaona kabla hayajatokea, lakini la juzi kwa fundi cherehani wa Mabatini liliniacha mdomo wazi. Mtoto wa miaka miwili hivi alikwapua kifungo mezani akakitia mdomoni. Ghafla hakohoi, halii, macho yamemtoka.

Bibi yake mzaa baba akaagiza, "Mpeni maji." Mimi, daktari wa kujitegemea, nikashauri aingizwe kidole kooni.

"Maji hapana, kidole hapana," mama mtu akasema. Akamlaza mtoto kifudifudi pajani, kichwa chini, akaanza kumpiga mgongoni, katikati ya mabega.

Bibi akamdaka mkono. "Unampiga mtoto anayekufa?"

"Niachie, mama. Simpigi, nakitoa."

Pigo la nne, kifungo kikaruka kikagonga cherehani. Mtoto akaangua kilio cha kusikika mpaka Pasiansi, nasi tukashangilia kama tumefunga goli.

"Umejifunzia wapi?" fundi akauliza.

"Kwenye simu. Kuna muuguzi anafundisha wazazi kwa video. Anasema, piga kwa kisigino cha kiganja, hapa chini karibu na kifundo cha mkono."

Madarasa yangu saba hayakufika kwenye kisigino hicho. Ushauri tulikuwa nao wote pale, ila wa kweli ulikuwa mmoja, na leo naufundisha mtaa mzima kama wangu.

Bibi alishatoka nje zamani, anasimamisha wapita njia. "Mnamwona yule? Ni mkwe wangu yule."