Risasi za Kanga Mpya

Mimi na marehemu mume wangu Haji hatukugombana kwa chakula wala kwa mke wa pili. Tuligombana kwa kanga. Kanga zangu mimi, na yeye akizikata vipande kwa ajili ya gobori lake!

Tulikaa nyuma ya Jambiani, kwenye ardhi ya mawe, ambako mtu hupanda muhogo katika vishimo vya udongo baina ya jiwe na jiwe, kisha nguruwe wanakuja kuufukua wote. Haji alirithi gobori la baba yake, bunduki ile ya kushindilia baruti mdomoni kwa mdeki. Risasi akizitengeneza mwenyewe. Anayeyusha chubwi, vile vizito vya risasi vya nyavu zilizochakaa, kwenye jiko langu, na hapo pana ugomvi mwengine, halafu anamimina ndani ya kalibu. Kalibu alikuwa nazo mbili, moja ndogo kidogo kuliko ya pili.

"Mbili za nini?" nilimuuliza, ningali bibi harusi.

"Kwa sababu ya kanga zako," akanambia.

Nikadhani ananitania. Kumbe kweli. Risasi haiingii mtutuni tupu, huvikwa kitambaa, na hivyo viwili pamoja ndivyo vinavyojaza mtutu. Ikibana sana unaishindilia mpaka inakwama njiani, na gobori linakupasukia usoni. Ikilegea, nguvu ya baruti inapita pembeni na risasi inakwenda itakako, au inateleza ikatoka ukiinamisha tu mtutu. Basi kanga kuukuu, iliyofuliwa mpaka unaona mwangaza ndani yake, ilitaka risasi kubwa. Kanga mpya, nzito, ilitaka ndogo. Haji alikuwa akiishika kanga yangu kwa vidole viwili, anafumba macho kama somo wa bibi harusi anayechagua nguo, kisha anasema, "Hii kubwa." Hakosei. Nikimcheka sana, na kwa kitu hicho hicho nikampenda.

Aliyekuwa akituamua ni Seif, mwenye duka letu. Wazee wake walikuwa Waarabu waliotoka Manga, lakini yeye alizaliwa pale pale, na Kiswahili chake kilikuwa chetu. Haji akinikatia kanga, Seif hunipa kipande cha kunipoza.

"Haji," alikuwa akimwambia, "nguruwe humli, humuuzi. Unampigia nini?"

"Kamuulize yeye, muhogo wangu anaulia nini."

Mwaka ule wa sitini na nne, Shaabani ukiwa ukingoni, Seif hakuwa akitulia. Mkewe alikuwa na mimba ya kwanza, na kama ilivyo ada alikwenda kujifungulia kwa mama yake, Makunduchi. Asubuhi moja ikaja habari: mtoto wa kike, wote wazima. Seif akapiga vigelegele mwenyewe, mwanamume mzima na ndevu zake! Akasema anafunga duka anakwenda kumwona mwanawe. Lakini asubuhi hiyo hiyo redio ilikuwa ikisema serikali imepinduliwa, na watu waliotoka mjini wakasimulia wanayofanyiwa Waarabu, mambo ambayo sikutaka kuyasikia.

"Usipite barabarani," Haji akamwambia. "Subiri kidogo, nikutoe kwa njia ya mawe."

Seif akarudi dukani kumfungia mtoto vitu vyake.

Lori likafika kabla.

Waliingia uani kwetu, vijana wenye mapanga na mikuki, wageni kwetu wote. Mkubwa wao alikuwa na shati la kaki. Walishaambiwa gobori liko wapi.

"Lipakie," akamwambia Haji. "Kisha utuonyeshe mwenye duka."

Haji akapima baruti, akaitia, akashindilia makumbi ya nazi juu yake.  

"Pili!" akaniita.

"Naam."

"Niletee zile za kanga mpya."

Nikasimama. Kanga mpya nyumbani hamkuwa nayo hata moja. Nilimtazama usoni, hakunitazama. Nikaelewa. Nikaingia ndani, nikaacha kopo la risasi kubwa, nikachukua la ndogo. Kitambaa sikuleta.

Kijana mmoja akasema, "Ami yangu yeye huifunga na kitambaa."



"Hiyo ya nguruwe," Haji akamjibu, mkavu. "Nguruwe ana ngozi nene."

Kijana akaitikia kwa kichwa. Haji akaidondosha risasi. Niliisikia ikishuka upesi, bila kugusa sana.

Mkubwa wao akalipokea gobori, akalitundika begani, mtutu chini. Wakaenda kuelekea dukani, Haji katikati yao na baruti yake. Nikawafuata.

Risasi ikateleza, ikatoka.

Ikaanguka mchangani mbele yangu, kijivu, kama gololi ya watoto.

Nikaikanyaga.

Seif alitokea mlango wa nyuma, na furushi mkononi. Yule mkubwa wao akaelekeza gobori, akapiga. Mlio ulikuwa mkubwa, na moshi ukatufunika sote. Ulipoondoka, furushi liko chini, Seif hayupo.

"Umekosa!" wenzake wakamcheka.

"Pakia tena!"

Haji akapakia kwa adabu zote. Akapima baruti, akairudisha, akapima upya. Mpaka amalize, Seif alikuwa ameshazama kwenye mawe aliyoyajua tangu utotoni. Wakampiga Haji begani kwa kitako cha gobori kwa ajili ya uvivu wake, wakalichukua, wakaondoka. Mkono ule haukuinuka tena sawasawa mpaka anakufa.

Siku ya pili wakaja watu kutwambia kwamba Seif amekamatwa Makunduchi na kundi jengine, lenye bunduki za kisasa, na ameshauawa.

"Nilidhani nimemwokoa," Haji alisema.  Ramadhani yote ile alikula futari kwa sababu namwekea mbele yake, na nguruwe wakaufukua muhogo wetu bila ya yeye kuinua kichwa.

Njia zilipotulia nilikwenda Makunduchi kutoa mkono wa taazia. Mkewe Seif akanipakatisha mtoto, akanihadithia. Seif alifika alasiri, miguu inatoka damu. Babu mtu alishamwadhinia mtoto sikioni tangu alipozaliwa. Seif akasema, "Mie ndiye babake." Akamchukua, akaadhini upya, polepole, neno kwa neno. Kisha ndipo akaomba maji. Usiku ule mtoto alilala kifuani pake.

Alasiri moja na usiku mmoja. Si uhai huo, sitamdanganya mtu. Seif alikuwa na haki ya kuzeeka, na mwanawe alikuwa na haki ya kumjua.

Niliporudi nilimkuta Haji amekaa barazani, mkono wake mbovu mapajani. Nikamweleza kama nilivyoelezwa.

"Alimwadhinia yote?" akaniuliza. "Mpaka mwisho?"

"Yote, Haji. Mpaka mwisho."

Ndipo akalia, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, nami nikakaa ubavuni pake nikamwacha alie.