Foleni ya Dawa Nyumbani kwa Bibi

Jana nilikuwa nimesimama jikoni kwangu, hapa Dodoma mjini, na chupa ya dawa ya kikohozi mkononi. Binti yangu aliandikiwa na daktari. Nikajaza kile kikombe kidogo cha kupimia hadi kwenye mstari, nikampa. Akanywa, akalamba midomo, akaniuliza, "Na wewe mama, mbona hunywi?" Nikacheka kama mwehu. Swali hilo bibi yangu angelipenda mno!

Ngoja nikusimulie. Mimi nimelelewa na bibi kule Zuzu, wajukuu saba nyumba moja. Julai ikifika, upepo wa kule ulikuwa unakata masikio na vumbi linaingia hadi kwenye uji. Tulikaa uani tukimenya karanga huku vikohozi vikipokezana, na mchana ugali wa uwele na mlenda ule unaovutika hadi kidevuni. Sheria ya bibi ilikuwa moja tu: kikiingia kitu, tunakula wote. Yai moja la kuchemsha alilikata kwa uzi, vipande saba, na hakuna aliyelalamika.

Mwaka mmoja kikohozi kilinikamata mimi vibaya, kifua kinakoroma usiku kucha. Bibi akanipeleka zahanati, nikaandikiwa dawa ya maji, nyekundu, tamu ajabu. Nesi alitueleza vizuri kipimo na siku za kunywa. Bibi akaitikia kila neno. Kufika nyumbani, akatupanga foleni mbele ya kihenge cha kuhifadhia uwele, kila mjukuu kijiko cha chai kilichojaa pomoni. Aliyeandikiwa dawa nilikuwa mimi peke yangu, lakini sote tulikunywa. Ungesikia vikohozi vya siku ile! Hata wale ambao hawajawahi kukohoa tangu wazaliwe, walikohoa hadi machozi.

Siku ya pili mchana, mdogo wetu wa miaka mitatu, mtoto wa mama mdogo, alikunywa chake, akazunguka kihenge, akatokea mkiani mwa foleni. Macho ya bibi yalishaanza kuingia ukungu, akampa tena. Mimi nilimwona. Nilimwona vizuri kabisa, nikaziba mdomo kwa kicheko, nikaingia ndani kulala.

Nilipoamka bibi alikuwa anamwita mtoto. Alimwita mara ya kwanza kwa kawaida, halafu akamtikisa, halafu sauti yake ikabadilika. Mtoto alifumbua jicho moja, likafumba. Bibi akajaribu kumnywesha uji, ukamwagika mdomoni. Bibi alimtupa mgongoni akafunga kanga, akatoka mbio ambazo sikujua anazo, na mimi nyuma na chupa. Yaani niliogopa, we acha tu.

Nesi alishika chupa, akauliza, "Bibi, amekunywa kiasi gani?"

"Kijiko kimoja tu, mwanangu, kama wenzake."

Nikajua ni mimi tu ninayejua. Nikasema, "Viwili. Alizunguka kihenge." Halafu nikaangua kilio. Bibi alinitazama, sikuthubutu kumtazama.

Walimweka kitandani, nesi akawa anamwangalia anavyohema, haondoki. Jua lilipoanza kuelekea magharibi, yule mtoto aliamka na kuomba karanga. Karanga! Bibi alikaa chini sakafuni, akacheka na kulia kwa pamoja.

Nesi hakumfokea. Alimwambia dawa ile imepimwa kwa umri wangu na uzito wangu, kwa kikohozi changu, haigawanywi kama mboga. Kijiko cha nyumbani nacho si kipimo, ndiyo maana chupa imekuja na kifuniko chenye mistari. Na ikae juu, watoto wasiifikie. Bibi akasikiliza, kisha akauliza kwa uchungu kabisa, "Sasa mmoja anywe kitamu, sita wamtazame? Hiyo itakuwa nyumba gani?"

Nesi akarudisha kifuniko kwenye chupa. "Basi hao wengine wape asali. Wote wameshavuka mwaka, haina neno."

Kwa hiyo foleni ilibaki. Mimi mbele, napimiwa kwenye kifuniko, bibi akiniamuru nisome mstari kwa sauti. Wengine nyuma yangu na asali, na mwisho bibi mwenyewe, analamba kijiko. Nilipona kabla dawa haijaisha, na iliyobaki bibi aliirudisha zahanati. Foleni ya asali iliendelea hadi mvua za mwaka ule.

Bibi hayupo tena. Kihenge kilianguka, na sisi saba tumetawanyika kila mtu na mji wake. Jana nilimpigia simu yule mdogo wetu, sasa ni baba wa watoto wawili kule Mpwapwa, nikamkumbusha vijiko vyake viwili.

"Dada," akasema, "vilikuwa vitatu. Cha tatu ulikuwa umeshaingia ndani."

Nilikata simu, nikaipandisha chupa rafu ya juu kabisa. Kisha nikachukua asali, nikasimama nyuma ya binti yangu kwenye foleni ya watu wawili.