Bonde la Rimu

Mume wangu alikuwa mtu wa kuchanja ng'ombe, na kazi yake aliifanya juu ya pikipiki ya serikali. Jumatatu anaondoka kwetu Lanet, Ijumaa anarudi, na siku za katikati yuko Ndabibi na kwingineko ambako barabara ni njia ya ng'ombe na miba. Aliipenda kazi ile kupita kiasi. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nasema bila haya kwamba niliionea wivu ile pikipiki.

Mwaka wa pili wa ndoa yetu, mashine ya kukatia nyasi ilimkata mkono wa kushoto. Kidole cha mwisho kikaenda, cha pete kikaenda na pete yake, cha kati kikabaki kigumu kama kijiti. Kuendesha aliweza. Kubadilisha tairi hakuweza, na hakuniambia. Nilijua Jumamosi moja alipofika nyumbani amechelewa siku nzima, miguu imevimba: alipata pancha, akashindwa kulitoa tairi, akaisukuma pikipiki tangu asubuhi mpaka akapata trekta la kumbeba. Nilimgombeza kwanza, ndipo nikalia. Ndivyo nilivyoumbwa.

Kisha akaja ofisa mpya, akasema mwezi ujao kila mwenye pikipiki atalitoa tairi na kulirudisha mbele ya macho yake, peke yake. Atakayeshindwa atabaki stoo kupanga chupa za dawa. Mume wangu hakula siku hiyo.

"Ndabibi watapeleka mtu mwenye vidole," akasema.

Nikaenda mjini Nakuru kwa fundi wa pikipiki, Kalasinga mmoja mfupi mwenye kilemba, mkali kunishinda mimi. Nikamweleza yote. Pole hakunipa. Alililaza gurudumu chini akanionyesha mfereji unaozunguka katikati ya rimu, kile chuma kinachovaa tairi.

"Hii nini, mama?"

"Sijui."

"Bonde! Wewe nakaa Bonde la Ufa, hapana jua bonde?" Akacheka peke yake. "Watu yote navuta na nguvu. Nguvu ya nini? Weka goti hapa, sukuma tairi ndani ya bonde. Upande ile ingine nalegea yenyewe."

Nilirudi kwake siku tatu baada ya shule, sketi nimeikunja na kuifunga kwa kamba, mpaka nikaweza.

Nyumbani tulifanyia mazoezi nyuma ya jikoni, kwa sababu hakutaka majirani waone anafundishwa na mkewe. Tulitandika gunia, tukapanga vyuma vya kubandulia, pampu, viraka na gundi, kila kitu mahali pake, na mkebe wa maji ya sabuni. Mara ya kwanza aliibana tyubu kwa chuma ikatoboka. Mara ya pili pia.

"Mwalimu mbaya wewe," akasema.

"Mwanafunzi kichwa ngumu."

Nilipomshikia tairi, akanikaripia. "Usinisaidie! Kule sitakuwa na wewe." Maneno yale yaliniuma, lakini alisema kweli. Tangu siku hiyo nilikalia mikono yangu kwelikweli, nikamwangalia akihangaika, na sijawahi kufanya kazi ngumu kuliko hiyo.

Siku ya mtihani shule zilikuwa zimefungwa. Nikabeba chai kwenye chupa, nikajifanya nimemletea, nikasimama kwenye ua wa ofisi. Wenzake walivuta kwa nguvu, wakatokwa jasho, wakamaliza. Zamu yake ilipofika, ofisa akaona mkono, akawaita vijana wawili wamsaidie.

"Hapana, bosi," mume wangu akasema. "Ngoja."

Akapaka sabuni. Akapiga magoti juu ya tairi, akalisukuma ndani ya bonde, akaenda pole pole kwa chuma kimoja mpaka likatoka. Alipolirudisha, ukingo wa mwisho aliuingiza kwa viganja vitupu. Akajaza upepo. Tukasikiliza wote, hakuna kilichovuja.

Ofisa akainama kuangalia. "Nani alikufundisha hii?"

Niliomba Mungu aseme ni fundi wa mjini. Wanaume walikuwa wengi pale, na nilijua watamtania mpaka azeeke. Yeye akasimama, akafuta vumbi magotini, akaninyooshea ule mkono wa kushoto mbele ya watu wote.

"Yule pale. Bibi yangu."

Wakageuka wote kunitazama, na mimi, ninayejulikana Lanet nzima kwa mdomo, nikafungua chupa nikaanza kumimina chai.