Mlinzi wa Mji wa Chumvi

Hamud, muuza vitambaa wa Kariakoo, alipofariki, mkewe Thuraya akakaa eda. Mambo yake mnayajua: hakuna kutoka, hakuna wanja, hakuna kuonana na wanaume wasio maharimu. Siku za matanga wanawake walijaa mpaka uani. Matanga yalipoanuliwa, sinia zikaondoka, na wao nyuma yake.

Akabaki na kuta. Basi akajijengea mji kichwani, wa chumvi tupu, nyumba hata minara. Langoni akaweka mlinzi mwenye kazi moja: kutazama mawingu, maana mvua ikinyesha tu, mji umekwisha. Mchana kutwa Thuraya alikuwa huko. Wali uliungua, adhana ikamkuta bado yuko langoni. Mlinzi huyo, Thuraya alimsemea kwa sauti nzito ya kutoka tumboni. Kwa sauti yake mwenyewe akamsemea mwanamke aliyekuja kuomba kuingia, machozi yake karibu.

"Umelia leo?"

"Kidogo tu."

"Basi ngoja ukauke."

Upande wa pili wa ukuta alipanga Tatu, mkaanga maandazi, mwenye masikio makubwa kuliko chumba chake. Kusikia mwanamume kwa mjane wa eda, akaacha karai motoni, akakimbia kupeleka habari. Alasiri haijaingia, Muhiddin, nduguye marehemu, keshafika kutoka Ilala na mkewe Hind.

Kuingia haruhusiwi. Akasimama nje ya pazia akifoka, "Toka, mshenzi we!"

Hind akaingia, akachungulia uvunguni, akafunua sanduku, akakung'uta hata chandarua. "Hamna mtu, baba Azza."

"Yumo! Shemeji, funga mizigo. Leo unahamia kwangu."

Kwa Muhiddin watoto walilala hadi chini ya meza. Mji wa chumvi ungekaa wapi? Thuraya aliona aibu, lakini akafungua kinywa.

"Nani anabisha hodi?" akanguruma kwa sauti ya mlinzi.

Muhiddin alijikuta barazani, kiatu kimoja amekiacha mlangoni. Nyuma ya ukuta Tatu alicheka mpaka akakaa chini.

"Ni hadithi, shemeji," Thuraya akasema. "Najisimulia."

Muhiddin akarudi kufuata kiatu chake na heshima yake. "Haya, baki. Ila sauti hiyo ikisikika tena, nakuhamisha."

Walipoondoka, Tatu akagonga ukuta. "Bi Thuraya, yule mwanamke aliingia mjini? Ninong'oneze, nimeshaweka sikio."

Tangu matanga, hakuna aliyemuuliza neno zaidi ya kama amekula. Thuraya akausogelea ukuta, akajaribu kusimulia. Langoni hapakuwa na mtu. Mlinzi hakuzoea wageni.

"Sijui bado, Tatu. Nenda, maandazi yako yanaungua."

Nyayo zilipopotea ndipo mlinzi akarudi. Thuraya akamsemea kwa midomo tu, bila sauti: umelia leo?

Mwanamke akajifuta kwa upindo wa kanga, akakaa nje ya lango, akangoja akauke.